Mwaka wa tatu kijijini Welisi: ugomvi wa kondoo dume, michango ya harusi na bibi wawili wanaonuniana tangu 1982

MamaMufindi (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Kuna wadau humu waliniomba niandike maisha ya kijijini Ulaya, sio ya mjini London tunayoyasoma kila siku. Nimepata wiki ya mapumziko, ngoja nianze. Nitaandika kwa vipande, mnivumilie.

Nipo Welisi magharibi, kaunti ya Ceredigion, kati ya Lampeter na Tregaron. Kijiji sikitaji na watu siwataji kwa majina. Huku ukisema tu "yule mwenye trekta jekundu" umeshamtaja.

Kazi yangu ni kulea wazee majumbani. Huyu bibi niko naye mwaka wa tatu. Namwita Mam-gu, ndivyo wanavyomwita bibi huku chini. Watu wa kaskazini wanasema Nain, na ukichanganya unasahihishwa papo hapo. Wiki ya kwanza nilimfundisha shikamoo. Siku hizi nikisukuma mlango asubuhi anawahi yeye "marahaba!" kabla sijafungua kinywa.

Ng'ambo ya kijito anakaa bibi mwenzake, wamepishana miaka miwili. Walisoma shule moja, wakakaa benchi moja kwenye shule ya Jumapili. Siku ya kwanza nilipomwona huyo jirani alikuja na mkate wao wa zabibu kavu, bara brith, akakaa kama dakika arobaini. Wakaongea mvua, bei ya wanakondoo mnadani, nani kalazwa Aberystwyth. Nikasema moyoni, hawa ni chanda na pete. Alipotoka Mam-gu akakaa kimya, halafu akaniambia, "Yule hatuelewani tangu mwaka 1982."

Nikabaki nimeshika sahani.

Nilikuja kuelewa baadaye nilipoanza kushika lugha kidogo. Kiwelisi kina "wewe" mbili. Kuna *ti*, ya mtoto, rafiki, mtu wako wa karibu. Na kuna *chi*, ya mgeni, mkubwa, mtu wa heshima zake. Hawa bibi walikuwa *ti* tangu wakiwa na meno ya utoto. Tangu ugomvi ule ni *chi*. Wanaleteana mkate, wanaulizana hali, wanazikana, lakini ni "Shwd ych chi?" (habari yako, ile ya mgeni) kila siku ya Mungu, miaka arobaini na ushee. Mtu wa nje anasikia adabu. Wenyewe wanasikia mlango uliofungwa.

Chanzo ni kondoo dume. Naendelea.

---

MamaMufindi

Sasa sikilizeni, na wafugaji humu mtanielewa haraka.

Kondoo anabeba mimba siku 147 hivi, miezi mitano kasoro. Huku milimani madume yanafungiwa kando mpaka Oktoba au Novemba ndipo yanaachiwa, ili majike wazae Machi na Aprili, majani yakiwa yameanza kuchipua. Dume likiingia mapema ni balaa, maana watoto watadondoka katikati ya baridi.

Katikati ya Agosti 1981 dume la marehemu mume wa Mam-gu lilipasua ua wa miti likaingia kwa majike ya jirani. Mzee alilikuta alfajiri, akalirudisha, akaziba ua kwa matawi. Akanyamaza. Alijiambia labda halijapanda hata moja. Mkewe alimwambia, nenda kaseme. Akasema kesho. Ikawa kesho kila kesho.

Hesabuni siku 147 kutoka katikati ya Agosti. Mnaangukia wiki ya pili ya Januari. Na Januari 1982, kuanzia tarehe 8, Welisi ilipigwa na dhoruba ya theluji ambayo wazee wa huku bado wanaitumia kuhesabia umri wa watu. Barabara zilizama, theluji iliziba mpaka juu ya ua za mashamba. Ndani ya theluji hiyo majike ya jirani yakaanza kuzaa, wakati yeye anajua watoto wake ni wa mwisho wa Machi. Mbao za zizini hazikuwa tayari, chakula cha ziada hakikuwepo, na wale wachache waliopona walikuwa na sura ya dume la watu.

Mam-gu ananisimulia huku anakunja leso na kuikunjua. Anasema jirani hakuja kugombana. Alisubiri barabara ifunguke, akasimama mlangoni na buti zake, akauliza swali moja: "Mlijua?" Mume akatazama chini. Basi.

Wakuu, mimi nimekaa nalo sana jambo hili. Wale kondoo wangelipwa. Dume ni mnyama, ua unapasuka popote duniani. Kilichouma ni ule ukimya wa miezi mitano, watu wanakutana kanisani kila Jumapili na mmoja anajua.

---

KijanaWaNjombe

Mama kamwene. Stori tamu sana. Swali: kwetu hili lingeishia kwa mwenyekiti wa kitongoji au wazee, unatozwa mbuzi yamekwisha. Huko hawana wazee wa kusuluhisha? Na waliwezaje kuendelea kuishi jirani bila kusemeshana vizuri?

---

MamaMufindi

Kamwene mdogo wangu. Wazee walikuwepo, ni wazee wa kanisa. Huku kijiji kilijengwa kuzunguka *capel*, kanisa dogo la Kiprotestanti, na mara nyingi sio moja: Wamethodisti huku, Wabaptisti kule, na Independenti nyuma ya kilima, wote ndani ya mwendo wa nusu saa kwa mguu. Mbele kabisa kuna kiti kirefu kinaitwa *sêt fawr*, "kiti kikubwa", wanakaa wazee wa kanisa wakiwatazama wengine. Kiti hicho kilikuwa mahakama. Zamani za bibi zake Mam-gu, binti akipata mimba kabla ya ndoa aliitwa mbele ya washirika akatolewa ushirika, halafu akitubu anarudishwa. Kijana aliyempa mimba mara nyingi alikuwa amekaa pale pale.

Kwa suala la kondoo wazee wa kanisa walijaribu. Lakini mume wa Mam-gu alikuwa mmoja wao, kwa hiyo mahakama ilikuwa na mshtakiwa ndani.

Ulivyouliza waliwezaje kuishi, hapo ndipo pamenifunza. Huku kulikuwa na kitu kama mgowe wetu, kazi ya kusaidiana. Siku ya kunyoa kondoo majirani wote wanakuja kwako, kesho wote mnaenda kwa mwingine, zamu kwa zamu. Mlimani kondoo wa mashamba tofauti wanachanganyika, kila shamba lina alama yake ya kukata sikio, na siku ya kuwashusha lazima muwe wote na mbwa wenu. Mtu mmoja hawezi. Ukisusa, kondoo wako wanabaki mlimani.

Kwa hiyo kiangazi cha 1982 mume wa jirani alikuja kunyoa kama kawaida. Mkewe aliingia jikoni kwa Mam-gu, akavaa aproni, akaosha vyombo bega kwa bega naye siku nzima. Aliongea na kila mwanamke aliyekuwemo isipokuwa yeye. Sahani akimpa, anampa kwa mkono wa kulia, vizuri kabisa. Jioni alisema asante kwa *chi*.

Na mume wa Mam-gu alipofariki, asubuhi ya msiba walikuta ng'ombe wameshakamuliwa na kondoo wameshapewa majani makavu. Hakuna aliyegonga hodi. Kwenye matope palikuwa na alama za buti zikitokea kijitoni na kurudi kijitoni.

---

DadaMkweli

Mleta uzi naomba nikupinge kwa heshima. Unavyoandika mtu atadhani kijiji ni peponi. Mimi nimekulia kijijini na nimekimbia. Macho ya watu yanaua. Mwanamke akiachika kila mtu ana la kusema, mwanaume akimpiga mkewe wote wanasema "ya ndoa ni ya ndoa". Huko kwa Wawelisi hakuna hayo? Umbea haujawahi kumuumiza mtu?

---

MamaMufindi

Dada, unachosema ni kweli na sitaki kukipamba. Kumekuwa na mabaya, na mabaya yenyewe yaliandaliwa na kijiji kizima.

Maeneo haya haya ya Ceredigion, Carmarthen na Pembroke kulikuwa na kitu kinaitwa *ceffyl pren*, farasi wa mti. Usiku wanaume wanajipaka masizi usoni, wanavaa magauni ya wanawake, wanatengeneza farasi wa gogo, wanapanda juu yake sanamu ya mkosaji au mkosaji mwenyewe, wanamzungusha kijijini kwa makelele na kumfanyia kesi ya kuigiza. Mkosaji ni nani? Mzinzi, mume anayepiga mke, mke anayempiga mumewe, mtu aliyepeleka siri za wenzake kwa wakubwa. Kwa hiyo ona, "ya ndoa" haikuwa ya ndoa tu, kijiji kiliingilia. Lakini unaweza kufikiri mwenyewe ni wangapi walizungushwa kwa sababu ya chuki za watu. Mwanamke aliyezushiwa usiku ule angejitetea kwa nani?

Kutoka kwenye mchezo huo huo wa magauni na masizi ndipo yalipotokea maasi ya Rebeka. Mei 1839 wakulima walivunja geti la ushuru wa barabara pale Efailwen, kiongozi wao kavaa gauni, wanamwita Rebeka, kwa yule wa kitabu cha Mwanzo aliyebarikiwa kwamba uzao wake utamiliki malango ya adui zao. Moto huo ulitulia, ukawaka tena 1842 na 1843. Shule nyingi zinafundisha habari ya mageti. Mimi kilichonigusa ni kingine. Sheria ya maskini ya 1834 ilikuwa imemwachia mama peke yake mzigo wa mtoto wa nje ya ndoa. Mwanaume anaondoka, sheria ni nadra kumgusa. Watu wa Rebeka walikuwa wanakwenda usiku kwa wanaume wa namna hiyo, mara nyingine wakiwapelekea mtoto mlangoni: huyu ni wako, mlee. Mwaka 1844 sheria ikabadilishwa, mama mwenyewe akapewa haki ya kudai matunzo.

Na kuna aibu nyingine iliyotoka nje ya kijiji. Mwaka 1847 serikali ilichapisha ripoti ya elimu Welisi, ya makamishna watatu wa Kiingereza wasiojua Kiwelisi. Badala ya kuishia kwenye shule, ikaandika kuwa wanawake wa Kiwelisi hawana maadili, kwa sababu ya desturi ya *caru yn y gwely*: kijana anakwenda usiku, anarusha kokoto dirishani, binti anamfungulia, wanaongea kitandani wakiwa na nguo zao. Nyumba za baridi, kazi mchana kutwa, vijana wa mashamba hawakuwa na pa kukutana kwingine. Wawelisi mpaka leo wanaiita ripoti ile Usaliti wa Vitabu vya Bluu. Mam-gu anaamini ukali wa makanisa juu ya mabinti uliongezeka baada ya hapo, watu wakitaka kuonyesha dunia kuwa sio wachafu. Bibi zao wamelipa deni la maneno ya mgeni.

---

MzeeWaKamati

Mama tunafuatilia toka mwanzo. Hebu tuletee mapenzi sasa, umetukalisha kwenye ugomvi tu. Harusi zao vipi? Wanachangishana kama sisi au kila mtu na lwake?

---

MamaMufindi

Mzee wangu shikamoo. Hapa nitakushangaza.

Kwenye ukuta wa ngazi kwa Mam-gu kuna karatasi ndani ya fremu, imekuwa ya rangi ya chai. Nilidhani ni cheti cha ubatizo. Siku moja nikaishusha kuifuta vumbi, nikaisoma. Ni kadi ya mchango! Ya bibi wa bibi yake, imechapwa Carmarthen miaka ya 1840.

Inasema hivi kwa maneno yangu: sisi wawili tunatarajia kufunga ndoa siku fulani, rafiki zetu wametutia moyo tuwaalike nyumbani kwa baba wa binti, chochote mtakachotupa tutakipokea kwa shukrani na tutakirudisha kwa furaha tutakapoitwa kwenye shughuli ya namna hiyo. Halafu chini, mzee wangu, sikiliza: wazazi wa kijana na wazazi wa binti wanaomba wote waliowahi kuchangiwa na wao warudishe siku hiyo hiyo, wapewe wanandoa.

Ndio kusema walikuwa na daftari. Mtu anakaa mezani siku ya harusi, anaandika jina na kiasi: fulani shilingi mbili, fulani jibini, fulani siagi. Deni hilo linaitwa *pwython*. Lilirithiwa, na liliweza kuhamishiwa kwa mtoto au ndugu. Kabla watu hawajazoea karatasi za kuchapwa kulikuwa na mwalikaji, *gwahoddwr*, anapita nyumba kwa nyumba na fimbo iliyofungwa riboni, anaimba mwaliko kwa vina na kuchekesha watu. Kwa njia hii kijana na binti wasio na kitu walianza maisha na kitanda, sufuria na ng'ombe.

Nilimweleza Mam-gu habari ya kamati zetu, vikao, kadi na kundi la WhatsApp la kukumbushana ahadi. Alicheka mpaka nikamletea maji. Akauliza, "Na asiyerudisha?" Nikamwambia tunamjua. Akasema, "Sisi pia."

Kuhusu mapenzi yenyewe: vijana wa zamani walichonga kijiko cha mti, *llwy garu*, kijiko cha mapenzi. Jioni za baridi, kisu na kipande kimoja cha mti, mara nyingi mkuyu wa huko. Wanachonga moyo, gurudumu, mnyororo ambao pete zake zinacheza lakini hazina pa kuungia maana zote zimetoka kwenye mti ule ule, na vijimpira ndani ya kijumba. Chenye tarehe ya zamani kuliko vyote kwenye makumbusho ya St Fagans karibu na Cardiff ni cha 1667. Baba wa binti akishika kijiko anaona mkono wa kijana: ana subira au hana, kisu kimeteleza wapi.

Mam-gu anacho kimoja, na hakikuchongwa na mumewe. Kilichongwa na kijana wa Kibaptisti wa upande wa pili wa kilima. Baba yake Mam-gu alikuwa Mmethodisti, akasema hakuna binti yake atakayezamishwa mtoni tena mtu mzima kwa ajili ya mwanaume. Habari ikaishia hapo. Mnyororo wa kijiko hicho una pete nne, ya tatu ina ufa, na ufa umezibwa kwa nta. Mumewe ndiye aliyeziba. Aliishi nacho ukutani maisha yake yote ya ndoa, hakuwahi kusema neno juu yake, na siku kilipoanguka akakitengeneza akakirudisha kwenye msumari. Mam-gu anasema siku ile ndipo alipompenda.

Tarehe 25 Januari ni siku ya Dwynwen, mtakatifu wao wa wapendanao. Vijana wanatumiana kadi. Ila ukitaka kujua wakulima wa leo wanapatia wapi wachumba, ni kwenye vilabu vya wakulima vijana na maonyesho ya kilimo ya Llanelwedd kila Julai.

---

KijanaWaNjombe

Mama huyo mzee wa kijiko ndiye yule yule aliyeficha habari ya dume?

---

MamaMufindi

Ndiye. Mtu mmoja huyo huyo. Hakujua kusema. Kuziba alijua.

---

DadaMkweli

Nimesoma mara mbili. Asante kwa kunijibu bila hasira. Swali la mwisho: vijana wa hapo wanabaki? Maana kwetu wamebaki wazee.

---

MamaMufindi

Dada, umegusa kidonda.

Kanisa alilobatiziwa Mam-gu limeuzwa, sasa ni nyumba ya likizo. Pale ilipokuwa *sêt fawr* kuna kaunta ya jikoni. Watu wa mbali wananunua nyumba kwa bei ambayo kijana wa hapa hafiki, wanakuja wiki chache za mwaka. Kaunti ya Gwynedd, ambako tatizo ni kubwa, Aprili 2023 ilianza kutoza nyumba za namna hiyo nyongeza ya asilimia 150 juu ya kodi ya kawaida. Lugha nayo inafuata watu: sensa ya 2021 inasema Ceredigion wanaojua Kiwelisi ni asilimia 45.3, hawafiki nusu. Welisi nzima ni asilimia 17.8.

Sio kwamba wamekaa tu. Mwaka 1967 akina mama wa kijiji cha Parc, karibu na Bala, waligombana na chama chao cha wanawake kwa sababu makao makuu yalitaka karatasi rasmi ziwe za Kiingereza. Wakajitoa wakaanzisha chao, Merched y Wawr, Mabinti wa Alfajiri, ambacho leo kina matawi Welisi nzima. Mmoja wa waanzilishi, Zonia Bowen, alizaliwa Uingereza na Kiwelisi alijifunza. Mam-gu bado anakwenda mikutano, namsukuma kwenye kiti.

Jioni moja tulikuwa dirishani. Zamani, anasema, taa saba zilionekana upande ule wa bonde. Sasa ni moja, ya jirani yake. Akasema, "Tulikuwa na watu wengi wa kugombana nao." Nikadhani nimesikia vibaya, nikamwomba arudie. Akarudia.

Aliniuliza kama wanangu wanaongea Kihehe. Nikamjibu ukweli, wanasikia kidogo. Hakunilaumu. Alinishika mkono tu.

---

MamaMufindi

Wakuu, samahani kwa kimya cha wiki mbili. Mam-gu aliugua kifua, akalazwa, amerudi juzi. Nawashukuru mlioniandikia faragha kumwombea.

Jana jirani alivuka kijito. Ana fimbo mbili siku hizi, ilimchukua muda, nilimwona tangu kwenye daraja. Bara brith ilikuwa kwenye mfuko umening'inia shingoni ili mikono iwe huru. Nikampokea, nikamvua koti. Akasimama miguuni pa kitanda, akamtazama mwenzake alivyokonda.

Akasema, "Shwd wyt ti?"

Mimi nilikuwa nashika kisu cha mkate nikakiweka mezani. Mam-gu hakujibu upesi. Alimwangalia, kisha akaniangalia mimi kama anayeuliza kama na mimi nimesikia. Halafu akamwambia akae, kiti kile cha karibu, sio kile cha mlangoni, na akauliza mkate huo ameweka siagi au amesahau tena.

Wakakaa mpaka taa za kondoo zikawashwa zizini. Chai nilichemsha mara tatu.